Panya wa Muhugu

Kiilu alikuwa mchongaji wa jozi. Swala hakumchonga peke yake hata siku moja. Alimchonga na mwenzake: huyu anatazama huku, yule anatazama kule, shingo zimelingana, masikio yamelingana, na ukiwageuza miguu juu unakuta hata kwato zimelingana. Twiga hivyo hivyo, na vijiko vya saladi hivyo hivyo. Wenye maduka ya mjini walitaka jozi, maana mzungu akirudi kwao huweka mmoja upande huu wa televisheni na mwingine upande ule. Mwenye duka akikuta mmoja ni mfupi hata kwa unene wa ukucha, basi anarudisha wote wawili na maneno juu.

Kazi hiyo alianza nayo huko Wamunyu akiwa kijana, akifuata patasi ya baba yake, akaja nayo Nairobi. Akapata nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, pale Jericho na nafasi katika banda la mabati nyuma ya soko, na kadiri miaka ilivyokwenda jicho lake likageuka jicho la jozi kabisa. Hakuweza kupita mahali watu wamevua viatu mlangoni bila kuvipanga. Mkewe Nzembi akitundika kalenda, Kiilu alisimama nyuma yake: "Kulia kidogo. Umepitisha. Rudi. Hapo... hapana, rudi."

"Wewe wangekupa filimbi ukaongoze magari," Nzembi alimwambia.

Nzembi ndiye aliyepiga msasa. Patasi ya Kiilu ilipokomea, mkono wa Nzembi ulianza, na mti ukitoka kwake unapita shavuni bila kukwaruza. Mwishowe walipaka rangi ya viatu waliyoipata kwa Kabiru, fundi wa viatu aliyekaa nao banda moja, mtu wa Murang'a mwenye mdomo usiopumzika.

Maisha yalikuwa mazuri ya kutosha. Kitu kimoja tu kilimkaa Kiilu moyoni. Wanyama wake wote walikuwa wamepanda ndege. Tangu ujana wake mpaka nywele zikaanza kuota mvi, hapakuwa na ukuta hata mmoja katika mji huu ambapo angesimama na kusema, hiki nilikichonga mimi. Mwana wao Mativo, aliyekuwa mwalimu Kitui, aliwahi kuja kuomba swala mmoja tu wa kuweka mezani kwake. Walitafuta nyumba nzima wakapata mwiko.

Ndiyo maana chini ya kitanda kulikuwa na ubao wa muhugu. Ulikuwa mpana kama mlango wa kabati na mnene kama kiganja kilichosimamishwa, hauna fundo wala ufa, na ulinukia kila mvua ikinyesha. Ndicho kitu cha mwisho alichoachiwa na baba yake. Nzembi alikuwa ameugonga kwa kidole cha mguu mara nyingi akifagia.

"Baba Mativo, huu mti unangoja nini?"

"Unangoja kitu kitakachokaa."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

Mwaka ule uwanja wa Kasarani ulikuwa unajengwa, na wenye maduka, kwa kungojea wageni wa michezo, waliagiza jozi kama wazimu. Ndipo jirani yao Lenah aliposimama bandani jioni moja akitoka kazini, kikapu mkononi. Lenah alifanya kazi katika chuo kimoja upande wa mjini, kwenye chumba cha kufundishia miili ya wanyama. Aliletewa panya wa mwituni walionaswa kando ya mito na katika mashamba ya mahindi, akawapasua, akawaweka katika dawa wasioze, wanafunzi wakajifunza kwao. Watoto wa Jericho walimwita Mama Panya, naye aliitika.

"Mzee Kiilu, unaweza kunichongea tumbo la panya buku?"

Kabiru aliacha sindano. "Tumbo? Na kichwa nani atakila?"

"Nyamaza, Kabiru, haya si mambo ya soli." Lenah aliketi kwenye kigogo. "Nataka mishipa ya damu ya ndani ya tumbo, mikubwa, mtu aione kutoka nyuma ya darasa. Wale wa kwenye chupa wanafifia rangi, na wanafunzi wako wengi. Wa mbele anaona, wa nyuma anaona kisogo cha wa mbele. Na dawa ile inawachoma macho mpaka wanalia kama wako matangani."

Kiilu aliendelea kuchonga sikio la swala. "Mkimaliza nacho mtakiuza?"

"Kuuza wapi? Kinatundikwa ukutani darasani. Kinakaa hapo."

Patasi ilisimama. "Kinakaa?"

"Mpaka ukuta uanguke. Lakini nikwambie ukweli, Daktari Halimo ndiye mwenye darasa, naye si mtu wa mapambo. Amesema kikiwa kweli kitatundikwa. Kikiwa na uongo hata kidogo, hakivuki mlango, maana wanafunzi wataukariri huo uongo na kuondoka nao."

Kiilu alifuta mikono kwenye suruali, akaenda nyumbani bila kuaga. Aliporudi alikuwa ameubeba ule ubao kichwani, na Nzembi akimfuata nyuma, mkono kiunoni.

"Umekipata hicho kitu chako cha kukaa, Baba Mativo?" Nzembi aliuliza. "Panya?"

"Panya," Kiilu alisema, na alikuwa anatabasamu.

Lenah alimleta panya buku ndani ya debe la mafuta lenye kifuniko. Alimlaza chali juu ya benchi, kwenye nailoni, mkia ukaning'inia pembeni kama kamba ya kiatu. Alikuwa mkubwa kama paka asiyeshiba. Nzembi alisogea mpaka kwenye nguzo ya mwisho ya banda, akaangalia kutoka huko.

"Kitu hicho kikiingia nyumbani kwangu, natoka mimi."

"Hakiingii, Mama Mativo. Njoo uone, ni kizuri," Lenah alisema.

Na kweli, tumbo lilipofunguliwa, Kiilu aliona kitu ambacho hakukitarajia. Lenah alikuwa ameingiza mpira mwekundu uliokuwa majimaji katika mishipa inayotoka moyoni na wa buluu katika ile inayorudi, ukagandia humo, na sasa mishipa yote ilisimama wazi kama matawi ya mti baada ya majani kuanguka. Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mshipa mkuu mwekundu ulitoboa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ukashuka juu ya uti wa mgongo. Ule mkuu wa buluu ulilala kando yake. Tawi la kwanza la mwekundu lilikwenda kwenye tumbo la chakula, ini na wengu. La pili lilikwenda kwenye utumbo, na hapo liligawanyika vidole vingi kama ukindu unaofumuliwa. Halafu tawi la figo hii na la figo ile. Chini kabisa mshipa uligawanyika pande mbili kwenda miguuni, na hapo katikati ya mapaja kijishipa kimoja kikaendelea peke yake mpaka mkiani.

"Na ukumbuke," Lenah alisema, "kulia ni kulia kwake, si kwako. Amelala, anakutazama. Mkono wake wa kulia uko kwenye mkono wako wa kushoto."

"Hilo nalijua. Swala wangu pia wananitazama."

Akamwachia debe, akaenda zake.

Kiilu alichonga kwa furaha ambayo hakuikumbuka tangu ujana wake. Alikuja bandani kabla ya soko kufunguliwa, akamtoa panya, akamtazama, akachonga, akamtazama tena. Utumbo aliukunja upande mmoja wa ubao, kama Lenah alivyoukunja, ili mishipa ionekane. Wateja wa Kabiru walileta viatu vyao wakasahau kuvichukua kwa kutazama.

"Huyu Mkamba amerukwa na akili," Kabiru aliwaambia. "Kaacha twiga, anachonga matumbo. Kesho atachonga matembele."

"Na wewe shona, kijana, hicho kiatu kinakucheka," Kiilu alimjibu.

Tatizo lilikuja kwenye figo. Kiilu alizitazama, akasimama upande huu, akasimama upande ule. Hazikulingana. Ya kulia ilikuwa imepanda juu, imejibana chini ya ini, na ya kushoto ilikuwa imebaki chini. Kwa hiyo hata mishipa yake haikutoka mahali pamoja: tawi la kulia lilianza juu, la kushoto likafuata chini yake. Na kile kijishipa cha buluu kinachotoka kwenye ovari, upande wa kulia kiliingia moja kwa moja katika mshipa mkuu, lakini upande wa kushoto kilikwenda kuingia katika mshipa wa figo.

"Maskini," Kiilu alisema. "Alibanwa katika hilo debe."

Aliisukuma figo ya kulia kwa kidole. Ikateleza kidogo kushuka, na alipoachia, ikarudi. Kule kuteleza tu kulimtosha. Mbao pia hujipinda zikifungiwa vibaya, na fundi anayejua kazi hachongi kupinda kwa mbao, anachonga mnyama. Akachukua rula. Akazichonga figo mbili zinazolingana kama swala wake bora kabisa, kila moja na mshipa wake mwekundu ukitoka mahali pamoja na mwenzake, kama mikono ya mtu aliyeinyoosha. Vile vijishipa vya ovari akaviingiza vyote viwili katika mshipa mkuu.

Nzembi, ambaye sasa alikuwa amemzoea panya kiasi cha kumpita bila kuziba pua, alipiga msasa. Kabiru, ambaye alisema hataki kuhusishwa, alileta mwenyewe kopo la rangi ya viatu nyekundu ya damu ya mzee kwa mishipa inayotoka moyoni, na nyeusi kwa ile inayorudi. Walipomaliza, waliuegemeza ubao kwenye nguzo, wakarudi nyuma wote watatu.

"Aisee," Kabiru alisema, na hakuongeza kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Lenah alikuja. Alitazama kutoka juu akishuka. Alitabasamu kwenye kiwambo, alitabasamu kwenye vidole vya utumbo. Kisha tabasamu likakaa pale pale, bila kuongezeka.

"Figo zimelingana," alisema.

"Nilizirekebisha."

"Ulizirekebisha?"

"Zilikuwa zimekaa vibaya. Yule panya alibanwa. Ukimpeleka hivyo mbele ya watu utachekwa."

Lenah alikaa kwenye kigogo, kikapu mapajani. Hakutaka kumwambia, na alijua hana budi. "Mzee Kiilu, umemrekebisha panya. Panya hakuwa na kosa."

Kabiru alicheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Lenah alimpeleka Kiilu chuoni, mahali rafu zilipojaa chupa kutoka sakafuni mpaka dirishani. Alishusha moja, akashusha nyingine, akawapanga panya mmoja baada ya mwingine juu ya meza. Panya wa mtoni, panya wa mahindi, madume, majike, wanene, wembamba. Kiilu alipita akiwainamia mikono nyuma, kama mtu anayekagua jozi za watu wengine. Kila mmoja, figo ya kulia iko juu. Kila mmoja, mshipa wa kulia umetangulia. Alitafuta hata mmoja aliyelingana, wa kumtetea. Hakumpata.

"Wote?" aliuliza.

"Hapa na pale kijishipa hubadili njia, lakini figo ni hivyo. Ya kulia ina mahali pake kwenye ini, tazama, kuna shimo lake kabisa. Hata wewe zako hazilingani, ila kwa watu ya kulia ndiyo huwa chini."

Kiilu alijishika kiunoni pande zote mbili, chini ya koti, akabaki hivyo kwa muda kama anayezisikiliza. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika meza. "Yaani mimi mwenyewe," alisema, "duka lingenirudisha."

Lakini alipofika bandani kicheko kilikuwa kimeisha. Ubao ulikuwa pale, umeng'aa, na uongo wake katikati. Muhugu mwingine wa namna hiyo hakuwa nao na hangeupata. Miti ya unene ule ilikuwa imekwisha hata Wamunyu. Aliugusa, akakaa.

"Kata hiyo figo, ibandike juu," Kabiru alimshauri. "Gundi na unga wa mti, juu yake rangi yangu. Nani ataona? Sisi viatu vyote tunavyovaa hapa Jericho ni viraka."

Kila mchongaji aliijua njia hiyo. Sikio la swala likivunjika, gundi na unga wa mti hulirudisha, na duka halijui. Lakini Kiilu alijua pia kinachofuata. Kiraka hukauka kwa mwendo wake na mti kwa mwendo wake, na siku moja kinajiachia. Swala akiachia sikio, yuko Ulaya, hakuna atakayepiga kelele mpaka Jericho. Hiki kitakuwa ukutani, hapa hapa.

"Kitu cha kukaa hakiwekwi kiraka," alisema.

Nzembi alikuwa amesogea kwenye ubao. Alikuwa amepitisha mkono ubavuni mwa ubao, kidole gumba mbele, vingine nyuma, kama alivyopima kitenge sokoni. Akapitisha tena.

"Baba Mativo, huku nyuma kuna mti mwingi bado."

"Ndio, lakini nyuma hakuna... " Kiilu aliugeukia ubao. Aliinuka, akamtoa panya debeni, akamlaza, akainamisha shavu mpaka karibu na tumbo lenyewe, akatazama kwa pembeni kama anayepima iwapo meza imenyooka. Utumbo ulikuwa juu. Mishipa mikuu ilikuwa chini sana, imelalia uti wa mgongo, na figo nazo chini huko, zimejishikiza nyuma. Yeye alikuwa amevichonga vyote juu, usawa mmoja, kama matunda kwenye sinia.

"Mama Mativo," alisema, "hata kama figo zingekuwa mahali pake, ningekuwa nimekosea. Hili ni shimo. Mimi nimechonga meza."

Alichukua patasi. Nzembi alifumba macho. Kazi yote ya msasa wake ilikuwa hapo. Kiilu aliweka ncha katikati ya figo ya kulia, ile nzuri, iliyolingana na mwenzake kuliko kitu chochote alichowahi kuchonga, akapiga nyundo.

Alichimba katikati ya ubao, akaenda chini unene wa kidole na zaidi, utumbo akauacha juu kando kama ukingo. Mti wa ndani ulitoka mweupe kidogo, wenye harufu mpya, na ndani yake akaanza tena: mshipa mkuu, matawi, figo. Mkono wake haukutaka. Kila alipofika kwenye figo ya kushoto ulipanda wenyewe kuifuata ya kulia, na ilimbidi asimame, atazame panya, auambie mkono, hapana, huyu ndivyo alivyo. Kabiru alipomwona anaongea peke yake alimletea chai.

Siku Daktari Halimo alipokuja kuutazama ubao chuoni, Kiilu alikuwa amevaa koti la kanisani. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba wa Eastleigh, mtandio umefungwa nyuma ili usiingie katika kazi, na hakuwasalimu kwa maneno mengi. Aliweka kidole kwenye kiwambo. Akakishusha juu ya mshipa mkuu polepole, kikaingia katika lile shimo, kikafuata tawi la ini, kikarudi, kikafuata la utumbo, kikarudi. Lenah alikuwa ameshika mkanda wa kikapu kwa mikono miwili. Kidole kilifika kwenye figo ya kulia, kikasimama. Kikaenda kwenye ya kushoto, chini yake. Kikakitafuta kile kijishipa cha ovari, kikakikuta kimeingia katika mshipa wa figo, kikashuka chini mpaka mkiani.

"Kina hiki," daktari alisema hatimaye. "Nani alikuambia uchimbe mpaka huku? Vitabu vyenyewe huchora kama karatasi."

"Nilikosea kwanza, daktari. Nilizilinganisha figo. Kuziondoa ndiko kulikonishusha."

Daktari Halimo alimtazama, kisha akatazama tena ubao, na hapo akacheka kidogo. "Basi ulikosea mahali pazuri. Lenah, tuna misumari?"

Nzembi alikwenda kuuona mara ya kwanza baada ya mvua za masika kupita, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa na jozi za watu. Darasa lilikuwa tupu, madirisha yamefunguliwa. Kiilu hakumwonyesha, alimwacha atembee mwenyewe mpaka mbele. Ubao ulikuwa umetundikwa kati ya ubao wa chaki na mlango, na Kiilu aliona mara moja kwamba umeinama kidogo upande mmoja. Aliinua mkono. Akaushusha.

Nzembi alisogea karibu. Rangi ya Kabiru ilikuwa imefifia katikati, na mahali pake, kuanzia kwenye kiwambo kufuata mshipa mkuu mpaka mapajani, mti ulikuwa umetoa mng'ao mwingine, wa ndani, kama mpini wa jembe la zamani. Vidole vya wanafunzi vilikuwa vimepita hapo kila siku, kimoja baada ya kingine. Nzembi aliweka chake, akakipitisha njia ile ile.

"Mmh," alisema. "Hawa watoto wanapiga msasa kunishinda."

"Wana muda," Kiilu alisema. "Hakiendi popote."